Dozi ya Miezi 6, Kaskazi ya Miezi Minne: Afya ya Msingi kwa Watu Wanaohama Pwani ya Malindi na Kilifi



Dawa za kifua kikuu humezwa kwa miezi 6. Kaskazi, msimu wa upepo ambao ndio unaomleta mvuvi wa dago (kambi ya muda ya ufuoni) kutoka Pemba hadi Mayungu na Ngomeni, huanza kushika karibu Desemba na kulegea Machi. Mgonjwa akianza dozi Januari katika zahanati ya huku, ataondoka kabla hajafika nusu. Muuguzi atamngoja, atapiga simu isiyopokewa, kisha atamwandika kuwa ametoweka. Hakutoweka. Yuko ufuo mwingine, anavuta nyavu na kukohoa, na analala na wenzake wanane chini ya turubai moja. Daftari letu ndilo lililokosa mahali pa kumweka.

Hoja yangu leo ni moja. Mashirika yetu, yanayotoa tiba bila kutafuta faida, yametumia nguvu nyingi kuuliza watu wako wapi, na kidogo mno kuuliza wako hapo lini.

Tukiketi kuandika maombi kwa mfadhili, wengi wetu huanza na jengo. Jengo hubandikwa kibao cha shaba, na kibao hupigwa picha. Sisemi majengo hayahitajiki. Mama wa bara ya Ganze, au ya Magarini ambako mto Sabaki ukifurika njia hukatika, ana haki ya kunicheka nikisema hivyo. Lakini tuangalie yale tuliyokwisha kujifunza hapa kwetu. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kiko Kilifi tangu 1989, na tangu 2000 kimekuwa kikiandika vizazi, vifo na mahamisho ya watu katika eneo linaloizunguka hospitali ya Kilifi. Mwaka 2010 watafiti wake walichapisha jambo lililowashangaza wengi: ndani ya eneo hilo, lenye vituo vya kutosha, muda wa safari kwenda kutibiwa haukuonekana kuamua nani kati ya watoto afe na nani apone. Maana yake ni kwamba vituo vikishakaribia, kizuizi kinachobaki ni cha namna nyingine.

Na yaliyofanikiwa zaidi Kilifi yalimfuata mtu alipo. Jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa, lililofanyika kati ya 1993 na 1995, lilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa asilimia 33. Vyandarua hivyo vilipelekwa vitandani. Miaka hiyohiyo ya 1990, watafiti waligundua kwamba mtoto akishikwa na homa, mama wa kijijini huanzia dukani. Badala ya kumkemea, waliwafundisha wenye maduka kipimo sahihi cha klorokwini, dawa iliyotumika wakati huo, na idadi ya watoto waliopewa dozi kamili ikapanda sana. Klorokwini imeshaachwa kwa malaria hii yetu. Somo la duka nadhani tumeliacha pia, na hilo halikustahili kuachwa.

Nirudi kwa wanaohama, kwa sababu si wavuvi peke yao. Ukitoka Gongoni kuelekea Marereni kuna mashamba ya chumvi, na vibarua wanaokusanya chumvi hiyo wametoka kila pembe ya kaunti na nje yake. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja Magarini kusikiliza malalamiko yao na ya majirani zao hadharani: ardhi, maji, hali ya kazi. Kwa upande wetu wa afya, tatizo la kibarua ni jepesi kulieleza. Kliniki ya watoto hufunguliwa asubuhi, siku za kazi. Ujira wa kibarua huhesabiwa kwa kazi aliyoifanya. Huduma ni ya bure, ila siku yenyewe ameinunua kwa chakula cha jioni. Chanjo ya pentavalenti inamtaka mama apoteze siku ya kazi mtoto akiwa na wiki 6, tena wiki 10, tena wiki 14. Surua inamrudisha kwenye miezi 9 na miezi 18. Mama akikosa moja kati ya hizo tusimwite mzembe. Atuulize yeye kwa nini hatukai langoni pa shamba la chumvi jioni anapotoka, mara moja kwa mwezi, siku ileile.

Kisha kuna karatasi. Tangu 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya mfuko wa bima ya hospitali (NHIF), na kwa mujibu wa sheria za 2023 huduma za zahanati na vituo vya afya zinalipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Ni mpango mzuri. Mlango wake ni kujiandikisha, na ukibonyeza *147# jambo la kwanza linalotakiwa ni nambari ya kitambulisho. Hapa naomba tutenganishe watu wawili ambao ripoti zetu huwachanganya kila mara. Mmoja ni Mpemba ambaye babu yake alihamia pwani hii, aliyeishi bila uraia hadi serikali ilipoitambua jamii yake mwaka 2023. Huyo anahitaji mtu wa kumsaidia kukamilisha usajili. Mwingine ameingia msimu huu kwa mashua na atarudi kwao. Huyo hatapata kitambulisho cha Kenya wala hakihitaji, lakini Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inapotoa haki ya afya inamtaja kila mtu, si kila raia. Kwa sasa haki yake inategemea huruma ya muuguzi wa zamu. Pengo hilo ndilo linalofaa kuzibwa na fedha za hisani, kuliko kununua tena mashine ambayo fundi wake yuko Nairobi.

Hata wahudumu wa afya ya jamii, waliotangazwa na serikali kuwa 100,000 nchi nzima mwaka 2023, wamegawiwa nyumba za kutembelea. Dago si nyumba. Likivunjwa, hakuna anayeulizwa.

Jirani zetu wa Lamu wana mfano wa kutazamwa. Safari Doctors, shirika lililoanzishwa na Umra Omar mwaka 2015, hupeleka tiba kwa jahazi hadi vijiji vya visiwani na vya upande wa mpaka. Picha za tanga zimewavutia wafadhili wa mbali, nami sina kinyongo nazo. Kinachonivutia mimi ni ratiba: mwanakijiji anajua kwamba mwezi ujao watarudi. Kliniki ya kutembea isiyo na tarehe ya kurudi humpima mtu shinikizo la damu, ikampa vidonge vya wiki mbili, ikaondoka na takwimu zake.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi kazi ya miaka mingi inavyoweza kukatika kwa barua moja. Kwa hiyo kila tutakaloanzisha lipimwe kwa swali hili: fedha zikikoma kesho, nini kinabaki mkononi mwa mgonjwa? Kijitabu cha mama na mtoto kinabaki, na husafiri naye popote. Barua ya uhamisho inabaki. Faili zilizofungiwa katika kompyuta ya shirika hazimfai mtu.

Pendekezo langu ni dogo kwa makusudi. Kaskazi ijayo tuanze na bandari mbili tu, Mayungu na Ngomeni, na kazi mbili tu, kifua kikuu na chanjo. BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, ndivyo vinavyosimamia ufuo, na vinajua chombo kipi kimeingia na nahodha wake ni nani kabla ya ofisi yoyote ya afya. Tuombe ruhusa ya kuuliza nahodha mambo mawili: kuna anayetumia dawa za muda mrefu, na mtaondoka lini, kuelekea wapi. Muuguzi wa zahanati, si wa shirika, ndiye aandike majibu katika daftari la serikali. Mgonjwa akikaribia kuondoka apewe dawa za njiani na barua yenye simu ya kituo anachokwenda, hata kama kituo hicho kiko Pemba. Dawa za kifua kikuu hazijui mpaka.

Wazee wa BMU mliopo hapa mnaweza kukataa. Mna sababu: nahodha akidhani majina yanapelekwa uhamiaji, hatatia nanga kwenu tena. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia bajeti, naomba kipindi cha maswali kianze na nyinyi, mtueleze daftari hilo likae kwa nani na nani asiruhusiwe kulifungua.