Nani Anafuata Nyuma Yao? Jeshi la Ayalandi Katanga, 1960–1964



Nilikusudia mhadhara huu wa kiprofesa uhusu biashara ya Ziwa Tanganyika, fani niliyoifundisha kwa muda mrefu. Nimebadili nia kwa sababu ya kauli iliyotolewa katika kongamano humu humu chuoni, ikapigiwa makofi: kwamba taifa dogo linapopeleka askari kulinda amani ughaibuni linakodisha vijana wake, na kwamba mlinda amani na mamluki hutofautiana rangi ya kofia tu. Msemaji alitaja Fiji na Nepal, akaitaja Burundi ambayo ilianza kupeleka askari Somalia mwaka 2007, kisha akahitimisha kwamba mtindo huo ulianzia kwa Waayalandi nchini Kongo mwaka 1960. Hapo nilishindwa kunyamaza.

Tuanze na hesabu, maana hoja hiyo inajivunia hesabu. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulipanga kuilipa serikali dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari. Kwa nchi ambayo mshahara wa askari wake uko chini sana ya hapo, ziada ipo, na sikatai kwamba mwaka 2016 malipo ya kikosi cha Burundi yalizua mvutano mkubwa kati ya Bujumbura na Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukiyagharamia. Lakini kuichukua hesabu ya leo na kuibandika kwenye mwaka 1960 ni kosa ambalo nisingemsamehe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Umoja wa Mataifa wa wakati ule ulikuwa hoi. Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilikataa kulipia operesheni ya Kongo, shauri likafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo ilitoa maoni yake Julai 1962. Kabla ya hapo, Desemba 1961, Baraza Kuu lilikuwa limekwisha kuruhusu hati fungani za dola milioni 200 ziuzwe ili kuziba pengo. Mfanyabiashara gani hukodisha mali yake kwa mteja anayekopa ili alipe?

Tazameni pia jinsi Waayalandi walivyoondoka kwao. Sheria ya ulinzi ya Ayalandi haikuwa imetungwa kwa safari za namna ile, ikabidi irekebishwe mwaka huo huo wa 1960, na kwa marekebisho hayo kikosi chenye silaha kilichozidi askari 12 hakikuweza kwenda nje bila idhini ya Bunge. Batalioni ya 32, watu karibu 700, ilipanda ndege za Jeshi la Anga la Marekani mwezi Julai ikiwa imevaa sare nzito za sufu zilizoshonwa kwa baridi ya kwao, mikononi wakishika bunduki za Lee-Enfield. Serikali iliyopiga hesabu za faida ingeanza kwa kuwanunulia nguo.

Najua jibu linalongojwa: walijitolea kwa sababu ya posho. Baadhi yao ndiyo, na sioni aibu yoyote hapo. Muongo wa 1950 ulikuwa wa dhiki kwao. Vijana walimiminika Uingereza kutafuta vibarua. Ila kilichompeleka kijana mmoja mmoja si lazima kiwe ndicho kilichoipeleka dola. Ayalandi ilijiunga na Umoja wa Mataifa Desemba 1955 ikiwa haimo katika mfungamano wowote wa kijeshi. Dola ya aina hiyo haina ngome nyingine ila sheria ya kimataifa, na asiye na ngome nyingine hulazimika kuijenga hiyo aliyo nayo. Ndiyo maana maofisa wake walikwenda Lebanoni kama waangalizi mwaka 1958, na ndiyo maana askari wake 26 walipoteza maisha Kongo bila serikali kuwarudisha wengine nyumbani kabla ya wakati.

Hata hivyo sitakimbilia upande wa pili, ule unaodai kwamba Waayalandi walipokewa vizuri Afrika kwa kuwa nao waliwahi kutawaliwa. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, kaskazini mwa Katanga, doria ya watu 11 ya batalioni ya 33 chini ya Luteni Kevin Gleeson ilivamiwa na wapiganaji wa Kiluba. Tisa waliuawa. Katika simulizi zilizohifadhiwa, luteni aliinua mkono na kuwasalimu kwa Kiswahili, “Jambo.” Mishale ikajibu. Dublin ilizika maiti hao kwa maombolezo makubwa, na jina la Baluba likageuka tusi katika mitaa ya mji ule.

Doria ile ilikuwa ikifanya nini? Ilikuwa ikifungua barabara na kutengeneza madaraja. Waluba wa kaskazini walikuwa wameukataa utawala wa Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lililojitenga na Kongo, na askari wake, wakiongozwa na maofisa wa Kibelgiji na mamluki wa Kizungu, walikuwa wakichoma vijiji vyao. Gogo lililolazwa njiani ndilo lililokuwa boma la kijiji. Mimi nimekulia Kigoma, ng'ambo ya Kalemie, mji ambao zamani uliitwa Albertville. Mzee mmoja aliyevuka ziwa akahamia mtaani kwetu alizoea kukaa kibarazani kwa babu yangu jioni. Aliniambia kwamba vijana wa rika lake hawakuangalia kofia ya askari. Waliangalia ni nani anafuata nyuma yake barabara ikishafunguliwa.

Ushahidi mkubwa wa hilo ninaupata katika kitabu ninachokisoma upya karibu kila mwaka, *To Katanga and Back* cha Conor Cruise O'Brien. Mwandishi alikuwa Muayalandi, mwanadiplomasia na mhakiki wa fasihi, na mwaka 1961 alikuwa mwakilishi wa Umoja wa Mataifa Elisabethville, mji mkuu wa Katanga. Ndiye aliyetangaza Septemba 13 kwamba kujitenga kwa Katanga kumekwisha, ilhali kulidumu hadi Januari 1963. Desemba 1961 alijiuzulu, na mwaka uliofuata kitabu kilitoka huku moto wenyewe bado unawaka. Kinatetea, kinashambulia, kina hasira. Wapo wanaokitilia shaka kwa hiyo hasira. Mimi nakithamini kwa sababu hiyo hiyo: kiliandikwa kabla makao makuu hayajakubaliana juu ya simulizi la kuwapa watu. Tena kinatuonyesha jambo ambalo wanaosimulia Niemba huliruka. Mwishoni mwa Agosti 1961 Umoja wa Mataifa ulianza kuwakamata maofisa wa kigeni wa Tshombe. Wiki chache baadaye makumi ya maelfu ya Waluba wa Elisabethville walikuwa wamekimbilia kambini, chini ya ulinzi wa askari wa kofia za buluu. Hao nao walikuwa Waluba. Kilichobadilika ni kazi waliyoiona ikifanywa.

Mapigano ya Jadotville, mji mwingine wa Katanga, nitayagusa tu, filamu imekwisha kuyatangaza: kombania ya Kamandanti Pat Quinlan ilipelekwa kuwalinda walowezi ambao hawakuitaka, ikazingirwa Septemba 13 hadi 17, 1961, ikasalimu amri bila kupoteza hata mtu mmoja, na askari wake wakanyimwa heshima yao kwa miongo kadhaa.

Kutokana na haya yote nashikilia kwamba jeshi dogo lisipeleke askari kabla hawajafundishwa lugha na historia ya watu wanaokwenda kukaa nao. Mtaniambia “Jambo” ya Gleeson haikumwokoa. Mtanikumbusha kwamba Tanzania ilipeleka askari wanaozungumza lugha ya wenyeji huko Kongo katika brigedi iliyoundwa kwa azimio 2098 la Baraza la Usalama la mwaka 2013, na bado mwaka 2016 zikatokea tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya baadhi yao huko Mavivi, na Desemba 2017 tukawazika vijana wetu waliouawa Semuliki. Nimeyapima yote hayo. Msimamo wangu haujatikisika: salamu ya neno moja si lugha, na lugha isiyo na nidhamu haimfikishi askari popote, lakini asiyeweza kumuuliza mwanakijiji kwa nini amelaza gogo njiani ataliondoa tu, kisha ashangae.

Wanafunzi wangu, majina ya Waayalandi tisa wa Niemba yanajulikana yote. Ya Waluba waliokufa siku ile, na ya waliochomwa vijijini kabla yake, hayajakusanywa. Aliyekuwa na miaka 18 wakati ule leo amepita 80. Anayetafuta mada ya tasnifu avuke ziwa mwaka huu. Nitamsimamia, nami nitaiandikia Idara barua ya kumwombea nauli.