Usiulize Mileji Kwanza

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa tawi letu hapa Mbalizi, Mbeya. Wengi waliomba niyaandike, nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

 

Katibu wa vijana aliponiomba nije kuongea kuhusu ajira, nilimwambia anikusanyie maswali kwanza. Akanitumia kumi na moja. Saba kati ya hayo ni swali moja limevaa nguo tofauti: "Dada, kazi ya lori inayolipa vizuri inapatikana wapi? Kazi ya nguvu siogopi."

Silishangai. Tunakaa kando ya barabara ya Tunduma. Usiku kucha malori yanapita, yanakwenda Zambia na Congo na mbolea, salfa, mafuta na makontena, yanarudi na shaba. Mtoto wa hapa anajua kutofautisha gari la mafuta na flatibedi kabla hajajua kusoma. Na mnaweza kujiuliza, binti anayesoma sheria anajua nini habari za turubai? Nimelelewa na baba mkubwa aliyeendesha njia hii miaka yote ya utoto wangu. Turubai nimelikunja. Kulikaza juu ya mzigo sijawahi, hilo nawaachia nyie.

Basi nianze na jibu la swali lenyewe, kisha niseme lile lililonileta.

Kazi za lori hazifanani. Dereva wa kontena anafunga kufuli za trela, anakagua, anaondoka. Dereva wa mafuta anapanda juu ya tangi, anafungua mifuniko, anaunganisha mipira, na uzembe mdogo hapo ni moto. Dereva wa flatibedi ndiye mtu wa kamba, mikanda na turubai: anapanda juu ya mzigo, anatandika, anakaza, anashuka, na baada ya kilomita kadhaa anasimama kukaza tena kwa sababu mzigo umetulia na kamba zimelegea. Wa lobedi anafunga mitambo kwa minyororo, na kosa lake moja linaweza kuangusha mali yenye thamani kuliko gari. Kwa hiyo ukiniuliza wapi nguvu zako zinaweza kukupa bei nzuri, nitakuambia ziko pale ambapo nguvu zimeoana na ujuzi na dhamana. Kubeba tu gunia, kila mtu anaweza, na tajiri anajua hivyo.

Ili uingie huko, leseni ya daraja E ni mwanzo tu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar es Salaam, kinafundisha udereva wa magari makubwa, na VETA nao wanafundisha udereva. Ukitaka kubeba kemikali, kuna mafunzo ya madereva yanayotolewa na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ukitaka kuvuka mpaka, tafuta pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano mapema, usisubiri mpaka gari limeshapakia. Usione aibu kuanza na tipa la mchanga au kuwa utingo, wengi waliofika Kasumbalesa walipitia huko. Na mtu yeyote anayekudai hela ili akupe kazi, kimbia. Kazi inatakiwa ikulipe wewe.

Hayo ndiyo majibu mafupi. Sasa nije kwenye lile lililonileta.

Kijana wa kwetu akisikia kuna mchongo wa lori, swali lake la kwanza ni hili: "Mileji shilingi ngapi?" Akiambiwa hela nono ya safari, anapanda. Mimi nawaomba msiulize mileji kwanza. Ulizeni kwanza: "Mshahara ulioandikwa kwenye mkataba ni shilingi ngapi?"

Kwa nini? Kwa sababu mileji ni hela ya gari linapotembea. Gari likikaa foleni mpakani siku tano, mileji haipo. Gari likiharibika, mileji haipo. Wewe ukiumia, mileji haipo. Na mambo mengi ambayo sheria imekupa yanapigwa hesabu kutoka kwenye mshahara, hayapigwi kutoka kwenye hela ya safari uliyopewa mkononi.

Tufanye hesabu pamoja. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, wewe huchangii hata senti. Ukiumia kazini ukawa huwezi kufanya kazi kwa muda, mfuko unakulipa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi. Sasa, kama karatasi inasema mshahara wako ni 200,000, utapata 140,000 kwa mwezi. Kama inasema 600,000, utapata 420,000. Madereva wawili wanaweza kuwa wanapata hela ile ile mkononi, mmoja kwa mshahara, mwingine kwa hela ya safari isiyoandikwa popote. Siku wote wawili wakivunjika mguu kwa kuanguka juu ya mzigo, ndipo utajua nani alikuwa na kazi nzuri.

NSSF ni vivyo hivyo. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hutakiwi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Mshahara mdogo kwenye karatasi maana yake ni uzee mdogo. Likizo ya mwaka, siku 28, ni ya malipo. Kiinua mgongo nacho, siku saba kwa kila mwaka uliomaliza, mpaka miaka kumi, kinatoka kwenye mshahara wa msingi. Tajiri anayekuandikia mshahara kidogo na kukupa posho nyingi anajua anachofanya. Hakuibii leo. Anakuibia siku ya shida.

Ndugu zangu, hili silisomi kitabuni tu. Yupo kijana wa mtaani kwetu, jina namwachia mwenyewe. Alikuwa utingo kwenye flatibedi. Mvua ilianza, wakiwa njiani na mbolea, akapanda kukaza turubai. Turubai likiwa na maji linateleza kama bamia. Akaanguka, mkono ukavunjika mara mbili. Tajiri akalipia plasta, akamwambia, "Pumzika mdogo wangu, ukipona urudi." Alipopona akakuta nafasi yake ina mtu mwingine, na mkono haunyooki. Mkataba hana. NSSF jina lake halipo. Na alipokuja kuniuliza mimi, ulikuwa umepita mwaka na zaidi, wakati taarifa za ajali ya kazini zinatakiwa ziufikie mfuko ndani ya miezi 12. Alikaa kimya kwa sababu aliamini ahadi ya mdomo. Na ana miaka 23. Tumelingana.

Kwa hiyo shikeni haya. Ukiumia, toa taarifa kwa mwajiri siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Yeye ana siku saba za kupeleka taarifa WCF. Asipopeleka, nenda mwenyewe ofisini kwao. Na ujumbe wa hela unazotumiwa kwa simu usiufute. Hati ya mzigo yenye jina lako, ipige picha. Kama huna mkataba, hivyo ndivyo vitasema ulikuwa unamfanyia nani kazi.

Tuje kwenye mkataba wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi: kazi yako ni ipi, unaanza lini, unafanyia wapi, saa za kazi, malipo na namna yanavyopigwa hesabu. Na kuna utamu mmoja ambao wengi hawaujui. Mkifika kwenye kesi na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake, siyo wako. Yaani yeye ndiye atatoka jasho.

Kwenye mkataba wa lori, angalia mambo matatu ambayo watu huyapita.

La kwanza, kazi ya mikono. Nani anapakia, nani anashusha, nani anakaza turubai, nani anabadilisha tairi, na analipwa nini? Madereva wameniambia mara nyingi: hela ya makuli inatolewa kidogo, dereva na utingo wanashusha wenyewe ili wabakize chochote. Nawaelewa, njaa haina adabu. Lakini hiyo ni kazi ya pili ndani ya kazi ya kwanza. Kama ni yako, iandikwe na iwe na bei.

La pili, saa. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, tisa kwa siku. Zaidi ya hapo ni ovataimu, na inalipwa mara moja na nusu, wala isizidi saa 50 kwa wiki nne. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia tano. Unastahili mapumziko ya saa 12 kati ya siku na siku, na saa 24 kila wiki. Najua mnacheka. Mzee mmoja hapo mbele ametikisa kichwa kabisa. Lakini huwezi kudai kitu usichojua kuwa ni chako.

La tatu, shoti. Mzigo ukipungua, mafuta yakipungua, turubai likichanika, unakatwa. Kifungu cha 28 kinasema hela yako haikatwi hivi hivi. Kama sheria au makubaliano mengine halali hayajaruhusu makato hayo, lazima uwe umekubali kwa maandishi. Na kama ni hasara, iwe imetokea kazini kwa kosa lako, uandikiwe chanzo na hesabu yake, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Kukuta mwezi mzima umeliwa na shoti ni kinyume cha sheria, hata kama mzigo kweli ulipungua.

Ukifukuzwa bila haki, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine, kama mshahara, siku 60. Siku hizo zinakimbia kuliko gari tupu linaloshuka Kitonga. Usizimalize ukimbembeleza tajiri kwenye simu.

Sasa mtu ataniuliza, "Dada, nikianza kudai mkataba si watampa kazi deiwaka?" Ni kweli, mmoja mmoja tutaliwa. Ndiyo maana nimekuja kusema haya kwenye jumuiya ya vijana, sikukaa na kila mmoja pembeni. Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma, wakarudia Mei, na mikataba ilikuwa kwenye orodha ya madai yao. Nchi ikasimama, serikali ikakaa nao mezani. Tangu hapo imepita miaka zaidi ya kumi, na kijana wa kwetu bado anapanda gari kwa ahadi ya mdomo. Sheria tunayo. Mtu wa kuisimamia ndiye haonekani.

Angalieni barabara hii moja. Lori likitoka Dar linapimwa Vigwaza, linapimwa Mikese, linapimwa Makambako, linapimwa Mpemba. Uzito ukizidi kinachoruhusiwa, faini. Serikali inajua kila ekseli imebeba tani ngapi. Lakini sijakutana na dereva hata mmoja aliyeulizwa kwenye mizani: "Umelala saa ngapi? Mkataba wako uko wapi? Mara ya mwisho ulilipwa lini?" Tunalinda lami kuliko mtu anayepita juu yake. Mimi sipingi mizani. Nasema palipo na afisa wa kupima ekseli, awepo na afisa wa kazi. Hilo ni dai ambalo jumuiya yetu inaweza kulibeba, tukalipeleka kwa wagombea wetu na tukawabana nalo hata wao, kwa sababu chama chetu nacho siku kikishika serikali, kitapimwa kwenye mizani hii hii.

Nimalizie na kazi ya kufanya. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, nitakuwa hapa ofisini na wenzangu wawili tunaosoma nao. Mwenye mkataba aje nao tuusome pamoja kabla hajasaini, siyo baada. Aliyekwishasaini naye aje. Asiye na mkataba aje na simu yake tutafute ujumbe wa malipo. Madereva wa zamani, wazee wangu, njooni na nyie, maana sisi tunajua vifungu na nyie mnajua barabara. Hakuna anayeulizwa kadi ya chama mlangoni.

Na kaka yangu uliyeandika kwamba kazi ya nguvu huogopi, nimekusikia. Kabla hujapanda juu ya mzigo, hakikisha jina lako na mshahara wako vimepanda kwenye karatasi.