Babu Zetu wa Njia ya Bagamoyo
(Maneno ya Kamati kwa wanachama, usiku wa harambee)

Ndugu Mgeni Rasmi, wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama, pamoja na watani wetu Wazaramo ambao tumewaona wamekaa meza za mbele kana kwamba shughuli ni yao: mwangaluka, hata kama ni usiku.

Mwaka huu Kamati imeongeza fungu dogo kwenye bajeti, na fungu hilo limezua maneno. Zahanati ina fungu lake, madawati yana lake, na hatukupunguza hata senti moja huko. Fungu jipya ni la kuandika habari za wapagazi wa kwetu na kuitunza miembe ya njia ya zamani. Mwenzetu mmoja alituuliza kikaoni, "Wapagazi wameshakufa, sisi tuna wagonjwa. Kipi kitangulie?" Swali lake ni la haki, na ndiyo maana tumeomba dakika hizi chache.

Tulianza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya watoto. Muulize mtoto wa leo, awe wa Kanyenye, Isevya au hapa Dar es Salaam, babu zake walikuwa nani katika njia ile. Atakwambia walikuwa watumwa, wamefungwa minyororo, wamebeba pembe za ndovu. Picha anayoiona kitabuni ni hiyo hiyo. Watumwa walipita kweli, maelfu kwa maelfu, na hilo halifutiki. Lakini Mnyamwezi aliyebeba mzigo, mara nyingi, alikuwa kibarua aliyejiajiri kwa hiari yake. Alipatana ujira wake, kwa vitambaa au kwa fedha. Alijua uzito anaostahili kubeba, kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake aliongeza mkeka wake na sufuria yake. Tajiri akizidisha mzigo au akipunguza chakula, wapagazi walitua mizigo chini, wakakaa. Migomo ile ilimfundisha adabu tajiri wa Kiarabu na Mzungu vilevile.

Wala hawakungoja kuitwa. Kabla Waarabu hawajajenga matembe Unyanyembe, misafara ya Wanyamwezi ilikuwa imekwisha kufika pwani yenyewe, ikiongozwa na kirangozi wake. Waliotoka pwani walizifuata njia ambazo watu wetu walikuwa wanazijua. Jina lenyewe la Wanyamwezi, watu wa upande unaoandamia mwezi, laonekana tulipewa na watu wa mashariki waliotuona tukitokea magharibi.

Safari haikuwa mchezo. Kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, Novemba 7, zaidi ya miezi minne. Wapagazi wetu walipanga safari kwa kiangazi ili mvua ziwakute shambani. Ndiyo maana wafanyabiashara walikwama wakati wa kilimo: fedha walikuwa nayo, mabega hawakuyapata. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto, na kumpata mchumba ilikuwa kazi.

Utani nao ulikomaa njiani. Mpagazi akiugua Uzaramo, msafara haukuweza kumngoja. Aliachwa kwa mtani. Akipona alidaiwa kwa matusi ya kicheko, akifa alizikwa na mtani huyo huyo. Kwa hiyo mnapowaona Wazaramo wakituvurugia msiba kwa vituko vyao, wakidai ubani kabla jeneza halijatoka, msiwakasirikie. Wanadai deni la zamani sana. (Watani wetu wa meza za mbele, kauli hii haina maana kwamba tutalipa usiku huu.)

Hata lugha ya serikali ina vumbi la njia ile. Ikulu ni neno letu, makao ya mtemi. Posho ilikuwa kipimo cha chakula cha mpagazi kwa siku. Hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, ukitozwa mchana kweupe. Maneno yote matatu yanafanya kazi hadi leo, ingawa moja limeharibika tabia.

Na tulifika mbali. Msiri, kijana wa wafanyabiashara wa kwetu, alikwenda Katanga akajenga dola lake Bunkeya, hadi alipouawa mwaka 1891. Watu wake huko Kongo wanaitwa Wayeke mpaka leo. Kiswahili nacho kilivuka Ziwa Tanganyika kwa miguu ya misafara.

Tusijipambe kupita kiasi, lakini. Ujira wa pembe ulinunua watumwa waliolima mashamba ya Unyamwezi, na baadhi ya nyumba zetu zina damu ya watumwa hao, na za waliowanunua pia. Wazee hawapendi kulisema hili. Kamati inaona liandikwe pamoja na mengine, bila kutaja ukoo wa mtu, kwa sababu historia iliyochaguliwa tamu tupu mtoto ataibaini siku moja, na hapo hatatuamini hata kwa yale ya kweli.

Sasa nendeni Kwihara. Lipo tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872, limetunzwa, wageni wanafika. Alipofariki mwaka uliofuata, mwili wake ulibebwa na watumishi wake ukapitia hapo hapo ukielekea Bagamoyo. Susi na Chuma wanajulikana kwa majina, na wanastahili. Lakini wapagazi wa kwetu waliopita mlango ule mwaka hadi mwaka, nani anayajua majina yao? Watemi tunawajua: Isike, aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 kuliko kushikwa na Wajerumani; Mirambo wa Urambo, ambaye Unyanyembe ilimwogopa na bado inamtaja kwa sauti ya chini. Mpagazi hana kaburi linalotajwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi yake ikaanza kwisha, na waliosikia habari zake kutoka kinywani mwa aliyebeba wamebaki wachache.

Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hii ya kati katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na Kwihara imo, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Orodha ya awali ni ahadi ya karatasi. Miembe mikongwe haiko kwenye karatasi. Iko njiani, na inakatwa kwa mkaa na kwa viwanja, mti mmoja mmoja, hata na sisi wenyewe tunaojenga nyumbani.

Kwa hiyo tunaomba fedha za mambo mawili tu. Kwanza, vijana wetu wawili waliomaliza masomo wapewe nauli, daftari na kinasa sauti, wazunguke kwa wazee kabla ya msimu wa kilimo. Pili, miche ya miembe, pamoja na makubaliano ya maandishi na wenye mashamba ili iliyosimama isikatwe. Makadirio yako ukurasa wa mwisho, yamepitiwa na mweka hazina.

Yule mwenzetu aliyeuliza swali kikaoni amechangia zahanati, na fungu hili amekataa. Tumempokea hivyo hivyo. Kadi ina visanduku viwili, kila mtu aweke alama apendapo.

Ila kuna mchango usiohitaji fedha. Nyuma ya kadi kuna mistari mitupu. Kama nyumbani kwenu kuna bibi au babu anayekumbuka jina la mpagazi mmoja, kijiji alichotoka na safari aliyokwenda, andika hapo hata kama huna hakika ya tahajia. Kadi zinapokelewa na katibu, meza ya karibu na mlango.