Mkono wa Askari Barabarani
Hotuba iliyosomwa na Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya kazi ya askari polisi aongozaye magari barabarani. Huenda wako watakaouliza: Jambo hili lahusu nini chama cha kusaidiana? Jibu lake ni jepesi. Chama hiki huzika, huchangia matibabu, na huwatazama wajane na mayatima. Sisi tunaoandika vitabu vya chama twajua jinsi michango inavyoitishwa kwa sababu ya gari au pikipiki. Basi jambo linalotutoa fedha na machozi lastahili kuzungumzwa mapema, kabla ya matanga.

Kwanza na tujue amri hiyo yatoka wapi. Sheria ya Barabara ya Kenya, Sura ya 403, yampasa kila dereva kutii maelekezo ya askari polisi aliyevaa sare, ayatoe kwa mdomo au kwa ishara. Tena Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani wasema wazi kwamba ishara ya askari hushinda taa na vibao. Kwa hiyo, taa ikiwa ya kijani na askari ameinua mkono kukuzuia, yakupasa kusimama. Taa ikiwa nyekundu naye akuita, yakupasa kwenda. Wasafiri wa Nairobi wameyaona hayo katika Uhuru Highway, taa zikiwaka na askari akiongoza kwa mikono. Wako wanaonung'unika, lakini yafaa kukumbuka kwamba taa ya kawaida hufuata saa yake tu. Haioni kwamba barabara ya mbele imejaa, wala haisikii king'ora cha gari la wagonjwa.

Hata taa yenyewe ilianza mikononi mwa askari. Taa ya kwanza ya kuongoza magari ilisimamishwa London, karibu na Bunge, mwezi wa Desemba 1868. Iliwaka kwa gesi, na askari ndiye aliyeigeuza. Mwezi uliofuata gesi ilivuja ikalipuka, naye askari akajeruhiwa. Tangu mwanzo, basi, kazi hii imekuwa na hatari kwa yule aifanyaye.

Sasa tuzitazame ishara zenyewe, maana si chache wanaoziona kila siku wasizijue. Askari akiinua mkono wa kulia juu, kiganja kikielekea mbele, wanaomjia kwa mbele wasimame. Akinyosha mkono upande, sawa na bega, wanaokuja nyuma yake wasimame. Akifanya yote mawili kwa pamoja, wa mbele na wa nyuma wasimame. Akitaka watu waje, huwageukia na kuwaita kwa mkono. Aliyekwisha kuingia katikati ya njia panda asisimame humo. Apite, aache nafasi. Na yule ambaye gari lake limekwisha kukaribia mno, hata hawezi kusimama kwa salama, hakulazimishwa kufunga breki kwa ghafula.

Askari mwenye ujuzi hana haraka. Husimama mahali anapoonekana kutoka mbali, wala hasimami penye kona au nyuma ya kilele cha mlima, ambapo dereva atamwona akiwa amekwisha kumfikia. Huchagua pengo kati ya magari, humtazama dereva usoni, ndipo huinua mkono. Haondoi macho yake mpaka gari la kwanza limesimama kabisa. Baada ya hapo huangalia kwamba katikati pamekuwa peupe, ndipo huwaruhusu wa upande wa pili. Wanaokwenda kwa miguu huwakusanya ukingoni na kuwavusha pamoja, badala ya kumwacha kila mtu akimbie peke yake. Usiku huvaa koti la kung'aa na kushika taa, kwa maana sare nyeusi gizani haionekani na mtu.

Ujuzi huo una sababu yake. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika sekunde moja. Liendalo kilomita 80 hupita mita 22. Dereva huhitaji kitambo hicho, au zaidi, kabla mguu wake haujagusa breki. Na mwendo ukiongezwa mara mbili, gari huhitaji nafasi mara nne ili breki zilisimamishe. Kwa hiyo mkono wa askari hausimamishi gari kwa nguvu. Husimamisha kwa sababu umeonekana mapema, umefahamika, na dereva amekubali kuutii. Likikosekana moja katika hayo matatu, askari ni mtu tu aliyesimama mbele ya chuma.

Tena yako mambo yaliyo nje ya uwezo wa mkono wowote. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likavamia magari, wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Hapo twajifunza kwamba ukingo wa barabara kuu si mahali pa soko, hata kama wateja wako hapo.

Bwana Mwenyekiti, liko neno moja gumu, nalo hatuwezi kuliacha. Dereva aliyezoea kuona mkono wa askari ukipokea noti hataona amri katika mkono huo siku utakapoinuliwa kumwokoa mtoto. Na hiyo noti haikutoka mbinguni. Imetolewa na dereva, na pengine abiria wamemhimiza aitoe ili wasichelewe. Wanaosema kwamba mkono mtupu haulambwi, na waliseme neno hilo penginepo, si barabarani. Kwa upande mwingine, askari wengi hushinda juani na mvuani, katika moshi na matusi, wakivusha watoto wa watu wasiowajua. Hao wastahili heshima yetu, na heshima yenyewe ni kutii.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu mbele ya mkutano huu. La kwanza, kila mzazi awafundishe watoto ishara za askari, na kwamba katika Kenya, ambapo magari hushika kushoto, mwenye kuvuka hutazama kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena. La pili, Halmashauri imwombe mkuu wa kituo cha polisi atuletee askari wa barabarani, awafundishe vijana wetu wa bodaboda na wavuta mikokoteni. La tatu, kila mwanachama aliye dereva, na kila aliye abiria, aweke ahadi ya kutotoa wala kuchanga fedha ya njiani.

Watu husema ajali haina kinga. Twakubali kwamba ziko zisizo na kinga. Lakini nyingi za barabarani zina kinga, nayo haigharimu chama hata senti moja. Wazee wetu, fedha tutakayoiokoa kwa maziko yasiyotokea itasomesha mayatima tulio nao tayari.