Asali Isubiri, Mtoto Anyonye

Usiku wa manane, mtoto wa miezi minne anakohoa. Bibi anakuja na kijiko cha asali na ndimu. Nia yake ni njema. Lakini, msikilizaji, asali haimfai mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwake, sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Basi afanyiwe nini? Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Maziwa ya mama hulainisha koo. Pua ikiziba, atiwe matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa kabla ya kunyonya. Jiko la mkaa na sigara vikae mbali naye.

Na dawa ya kikohozi ya kujinunulia? Hapana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na kemikali zenye sumu.

Akipumua harakaharaka, kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Aliye chini ya miezi miwili asisubirishwe hata kidogo.

Na asali, tunarudia: mpaka atimize mwaka.