Fensi ya Msumeno wa Meza



Wengi wetu tukitoka kazini jioni twashika useremala nyumbani, maana mshahara hautoshi. Basi leo twasema juu ya msumeno wa meza, hasa fensi yake, yaani kile chuma kinachoongoza ubao.

Misumeno ya bei rahisi huja na fensi dhaifu inayokazwa mbele tu. Ukisukuma ubao, upande wa nyuma unahama. Sisi watu wa reli twajua ubaya wake. Njia yetu ya zamani ina upana wa mita 1. Reli zikikaribiana kupita kiasi, gurudumu hupanda na behewa huanguka. Ubao nao ukibanwa kati ya fensi na meno ya nyuma, humrukia fundi kwa nguvu, na mkono waweza kuvutwa kwenye meno.

Dawa ni fensi ya mfano wa herufi T. Funga chuma cha pembe kwa bolti mbele ya meza, na juu yake tyubu nene. Kichwa cha T kiikumbatie tyubu hiyo na kukazwa kwa mkono wa chuma. Kisha zima umeme, upime toka mfereji wa meza hadi fensi, mbele na nyuma. Nyuma ikizidi kwa unywele si neno, lakini isipungue kamwe.

Tena, ile sheria ya fidia ya mwaka 2007 ni ya ajali za kazini kwa mwajiri. Kidole kilichokatika nyumbani haikilipi.

Fensi moja iko ofisini kwa tawi. Atakaye kuinakili na aje na futi yake.