Biskuti kwenye Chai na Kipande cha Ini

   Mimi ni yule yule muuguzi wenu wa jamii. Kama una uji jikoni, punguza moto kidogo uje ukae karibu na redio.

Leo nataka tuweke vitu viwili mezani. Upande huu pakiti ndogo ya biskuti tamu. Upande ule kipande cha ini la ng'ombe. Tutazame kila kimoja kinampa mtoto nini. Sikuchagua vitu hivi kwa kubahatisha. Nilivipata kwa nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wake siku ya kupima uzito.

Mtoto alikuwa na miezi 14. Mama yake anafanya kazi mjini na hurudi mwisho wa mwezi, kwa hivyo nyanya ndiye mama wa kila siku. Kwa kumtazama tu ungesema mtoto huyu hana shida. Mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo. Uzito kwenye kijitabu cha kliniki ulikuwa sawa, na utepe wa kupima mkono ulionyesha rangi ya kijani. Tulikaribia kumwambia nyanya aende nyumbani salama.

Mambo mawili yalinizuia. Watoto wenzake walikuwa wakipiga kelele na kuvuta kamba za mizani, lakini yeye alikuwa amelaza kichwa begani kwa nyanya bila haja na mtu. Halafu nilipofungua kiganja chake, nikakiweka karibu na cha nyanya, nilishtuka. Kilikuwa cheupe kama unga.

Nikamuuliza, "Nyanya, asubuhi huyu hula nini?"

"Chai na biskuti, sista. Zile za glukosi, za nguvu. Bila hizo hakubali kitu."

"Na mchana?"

"Ugali na mchuzi wa sukuma. Jioni biskuti tena, maana akilia namtuliza nazo."

"Nyama je?"

"Sista, huyu ana meno ya nyama?"

"Na udongo, anakula?"

Nyanya akacheka. "Ukimweka chini tu, mkono uko mdomoni."

Tulipopima damu tukapata 7.2. Mtoto wa umri huo anatakiwa awe na angalau 10.5. Angeshuka kidogo tu chini ya 7, tungekuwa tunazungumza habari ya upungufu mkali, na pengine ya kuongezewa damu hospitalini. Na huyu ni mtoto mnene, ambaye majirani walikuwa wakimsifu nyanya kwa kumlea vizuri.

Sasa turudi kwenye meza yetu.

Chukua biskuti za kawaida zenye uzito wa gramu 50, na maini ya ng'ombe yaliyopikwa ya gramu 50. Tukianza na nguvu ya kuuchangamsha mwili, ile inayohesabiwa kwa kalori, biskuti imeshinda, tena kwa mbali. Ina kama kalori 225, na maini hayafiki 100. Kwa hivyo nyanya hakukosea aliposema ni za nguvu. Mtoto akizila hutulia, tumbo hushiba, na uzito hupanda. Ndiyo maana mizani haikutuambia kitu.

Lakini nguvu hiyo inatoka kwa unga mweupe, mafuta na sukari. Sukari peke yake ni kama vijiko viwili na nusu vya chai katika pakiti hiyo moja ndogo. Hapo hatujahesabu ile iliyowekwa ndani ya chai.

Tukija kwa protini, chakula cha kujenga mwili, biskuti ina karibu gramu 3. Maini yana kama gramu 14. Tukija kwa madini ya chuma, ambayo ndiyo hutengeneza ule wekundu wa damu, maini hayo yana zaidi kidogo ya miligramu 3. Yakiwa maini ya kuku, yanakaribia miligramu 6. Tena kuna zinki, inayosaidia mwili kupigana na magonjwa, na vitamini B12, ambayo katika vyakula vya kawaida hupatikana kwa nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haina.

Sitaki kuisingizia biskuti. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaopakiwa kiwandani uongezwe vitamini na madini, chuma kikiwemo. Kwa hivyo biskuti inaweza kuwa na chuma kidogo. Shida ni kwamba chuma cha unga, maharagwe na mboga huingia mwilini kwa shida, lakini cha nyama, maini na samaki huingia kwa urahisi zaidi.

Na nyanya alikuwa amefunga hata ule mlango mdogo uliobaki. Aliitumbukiza biskuti kwenye chai! Majani ya chai yana kitu kinachoitwa tanini, ndicho kinachoacha ule weusi kwenye kikombe na sufuria. Tanini hukishika chuma cha chakula tumboni, kikapita hivi hivi mpaka kwenye nepi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kustahimili. Mtoto mdogo aliyeishiwa chuma hawezi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hana haja ya chai kabisa, iwe ya rangi au ya maziwa. Mpe maziwa ya mama, maji safi yaliyochemshwa, au uji. Na wewe mwenyewe, hasa ukiwa mjamzito, kunywa chai yako saa moja hivi baada ya kula, usiinywe pamoja na chakula.

Labda utauliza, mbona shida hii huwapata hawa wadogo sana? Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na akiba ya chuma aliyopewa na mama yake tumboni. Akiba hiyo humtosha karibu miezi sita. Maziwa ya mama ni bora kuliko yote, na tunataka anyonye mpaka miaka miwili na zaidi, lakini chuma kilichomo ni kidogo. Baada ya miezi sita lazima chuma kitoke kwa chakula, na ndio wakati anakua upesi kuliko atakavyokua tena. Kati ya miezi 7 na 12 anahitaji kama miligramu 11 kwa siku, zaidi ya baba yake! Akifikisha mwaka mmoja zinapungua kuwa kama 7. Akikosa, si damu tu inayoumia. Ubongo pia hujengwa kwa chuma, na mtoto aliyekikosa sana katika miaka hii miwili ya kwanza anaweza kubaki nyuma katika kujifunza hata baada ya damu kurudi. Jambo hili ndilo hunitia wasiwasi kuliko yote.

Haya, tuingie jikoni.

Kwenye bucha usione haya kuomba kidogo. Wengine wetu tunaona aibu kuomba chini ya robo, lakini mwambie akukatie kipande cha mtoto. Nunua pahali ambapo nyama imepigwa muhuri wa mkaguzi. Ini zuri linang'aa na halinuki. Likiwa na vivimbe vya maji, madoa meupe au minyoo ndani, usilikubali hata ukipunguziwa bei.

Kama umechinja kuku nyumbani, ini lile moja linamtosha mtoto. Najua katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba, na ini huifuata firigisi kwenye sahani hiyo hiyo. Mimi sina ugomvi na wazee. Baba abaki na firigisi yake, tunaomba ini tu.

Lioshe, likate vipande vidogo, ulichemshe na nyanya mbivu na kitunguu mpaka ukilikata ndani hakuna uwekundu wala damu. Wengine husema damu ile ndiyo dawa. Si kweli, inaweza kumletea mtoto ugonjwa. Likiiva ndilo jibu la swali la meno: ini ni laini. Liponde kwa mwiko au ulikwaruze kwa kijiko mpaka lilainike kabisa, kisha ulichanganye na viazi vilivyopondwa, ndizi au ugali laini wenye mchuzi. Mtoto wa miezi sita anaweza kula. Anza na kijiko kimoja cha chai, uongeze pole pole. Akishamaliza mpe kipande cha papai, chungwa au embe, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kuingia.

Hapa nisikilizeni vizuri, msije mkaondoka na nusu ya maneno yangu. Maini si chakula cha kila siku. Yana vitamini A nyingi mno, na mwili huiweka akiba, hauitoi upesi. Tena watoto wetu hupewa vitamini A kliniki kila miezi sita, kuanzia miezi sita hadi miaka mitano. Kwa mtoto mdogo, kipande kisichozidi ukubwa wa kiberiti, mara moja kwa wiki, kinatosha.

Na mama mjamzito asiyafanye maini kuwa dawa ya damu, maana vitamini A ya aina hiyo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza. Nakiri kwamba nilipoanza kazi niliwaambia wajawazito wengi wale maini kadiri wawezavyo. Nilikuwa nimefunzwa hivyo na wakubwa wangu, sikuuliza. Siku hizi nawaambia wameze vidonge vya chuma na foliki wanavyopewa kliniki, kila siku, hata kama choo kitakuwa cheusi.

Siku nyingine za wiki basi mtoto ale nini? Nyama yoyote iliyosagwa au kukatwa ndogo ndogo, hata kijiko kimoja. Omena iliyokaushwa vizuri, ikasafishwa na kusagwa, unaweza kuinyunyiza kwenye mboga au uji. Yai lililoiva. Maharagwe, ndengu, managu na terere pia, na hapa kuna siri nzuri kwa mwenye mfuko mwembamba: ukitia nyama au samaki kidogo tu ndani ya sufuria ya maharagwe, hata chuma cha maharagwe yenyewe huingia vizuri zaidi. Si lazima nyama ijae sahani.

Sasa fungua kiganja cha mtoto wako mahali penye mwanga. Kiweke karibu na chako. Kikiwa kimepauka kuliko chako, au ukiona anachoka upesi, hataki kucheza, anakula udongo kila mara, mlete kliniki wiki hii. Kikiwa cheupe kabisa, au anapumua mbio mbio, au anashindwa kunyonya, usingoje kesho. Mpeleke hospitali leo. Usinunue dawa ya maji ya kuongeza damu dukani ukaanza kumpa tu, kwa sababu damu hupungua pia kwa malaria, kwa minyoo na kwa magonjwa ya kuzaliwa nayo kama selimundu. Lazima tupime kwanza. Na ukipewa dawa hiyo, ifiche juu, mbali na mikono ya watoto. Ni tamu, na mtoto akiinywa chupa nzima inaweza kumuua.

Najua mnataka kujua habari za yule mtoto. Hakuwa na malaria. Tulimpa dawa ya minyoo na dawa ya chuma ya miezi mitatu. Nyanya akakubali kuondoa chai, ingawa alisema waziwazi kwamba mimi sitakuwa pale nyumbani asubuhi mtoto akilia. Alilia kweli, siku nne. Siku ya tano akala uji wenye omena.

Waliporudi baada ya wiki nne, damu ilikuwa imepanda mpaka 9.1. Bado hajafika, na dawa lazima iendelee. Lakini safari hii sikuweza kukitazama kiganja vizuri, kwa sababu mtoto alikuwa akining'ang'ania kalamu na kunipiga mateke. Nyanya aliniuliza kama biskuti zimepigwa marufuku kabisa. Nikamwambia hapana, siku ya sherehe apewe moja au mbili baada ya chakula, kisha apigwe mswaki. Akasema, "Basi Jumapili ni sherehe."

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya mtoto anayeharisha na jinsi ya kuchanganya chumvi ya kuongeza maji mwilini. Tayarisha chupa tupu ya nusu lita, tutaitumia. Kwaherini.